Ustadi wa Kukataa Mzigo

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, husema watu, na wengi wanaosema hivyo hudhani Mnyamwezi alibeba chochote alichotupiwa begani. Sivyo. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakatiza Ugogo na Mgunda Mkali hadi kufika Unyanyembe, hapakuwa na mtu aliyekijua kipimo cha mzigo kumpita mpagazi mwenyewe. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32 za leo. Mitumba ya merikani na kaniki ilikazwa kwa kamba ikafikia hapo na kukoma. Shanga zilitiwa kwenye mifuko, nyaya za shaba zikaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Juu ya hayo mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake, posho yake na mara nyingi silaha yake. Mzigo uliozidi aliutua. Aliutua siku ya kugawiwa, mbele ya watu, kabla msafara haujang'oa nanga ya Pwani, maana uzito aliokubali Bagamoyo ndio ambao angeulipia Mgunda Mkali, mahali pasipo na maji wala mtu wa kumpokea.

Nimeanza na wapagazi kwa makusudi, ingawa habari yangu ni ya kompyuta. Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa watu wanaoandika draiva, zile programu zinazokaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, kila moja ikiwa na kifaa chake cha kuhudumia: kamera, kioo, kadi ya sauti, modemu. Na ndani ya ufundi huo nachagua kipande kidogo sana, mistari michache ambayo mwenye simu hataiona maisha yake yote. Ni ile inayopokea ombi la programu inayotaka kufunguliwa dirisha kwenye memori ya kifaa, ikaupima urefu ulioombwa, kisha ikakubali au ikakataa.

Programu inataka dirisha la nini? Kwa kawaida programu haikigusi kifaa. Kamera ikipiga picha, data huingia kwanza kwenye memori inayotawaliwa na kiini, halafu kiini huinakili tena kuipeleka kwenye memori ya programu. Kwa herufi chache za kibodi, kunakili huko hakumuumizi mtu. Lakini video ya picha 30 kwa sekunde, kila picha ikiwa na baiti milioni nane na ushei, ni karibu baiti milioni 250 zinazohamishwa kila sekunde bila sababu ya maana. Njia ya mkato ni kwamba kiini kiichukue memori ile ile ya kifaa na kuionyesha ndani ya anwani za programu, ili programu isome na kuandika pale pale. Ombi la kufanya hivyo huitwa mmap. Watu wa mfumo endeshi wa BSD, kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilieleza kwenye nyaraka za toleo la 4.2 mwaka 1983 bila kulitekeleza. Wahandisi wa kampuni ya Sun ndio waliolitimiza katika SunOS 4.0 mwaka 1988. Siku hizi simu ya Android haiwezi hata kuwaka bila ombi hilo.

Memori haigawiwi baiti moja moja. Hugawiwa kwa kurasa, na kwenye mashine nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti nne, kinahitaji baiti 8,294,400. Gawanya kwa 4,096 unapata kurasa 2,025 kamili, hakuna salio. Sasa chukua kioo cha 1366 kwa 768, kile cha laptopu za bei ya chini tulizozoea madukani. Kinahitaji baiti 4,196,352, ambazo ni kurasa 1,024 na nusu. (Watengenezaji wengi huongeza nafasi kidogo mwishoni mwa kila mstari wa kioo, na hapo hesabu hubadilika; tuichukue tu kama ilivyo.) Ukurasa haukatwi. Programu ikipewa dirisha itapewa kurasa 1,025, na baiti 2,048 za mwisho si za kioo.

Ni za nani basi? Huenda hazina kitu. Huenda zina kipande cha neno la siri la mtu aliyeingia benki kwa simu dakika tano zilizopita. Mwandishi makini hujibu swali hilo mapema, wakati wa kutenga memori: huomba kurasa nzima, huzijaza sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, na haruhusu kitu cha mwingine kipangwe kwenye ile nusu. Mwenye haraka hutenga baiti alizozihitaji tu, na ule mkia wa ukurasa humwangukia jirani asiyejua kwamba ana mpangaji. Draiva zote mbili zitafanya kazi. Kioo kitawaka, picha zitaonekana, mteja atalipa. Tofauti yao haionekani kwa macho, na mimi naona hapo ndipo fundi anapojulikana.

Tuje kwenye kupima kwenyewe. Ombi la mmap huja na namba mbili zinazotoka kwa programu: pa kuanzia ndani ya memori ya kifaa, na urefu wa dirisha. Draiva nayo inayo namba ya tatu, ambayo programu haiwezi kuibadilisha: ukubwa halisi wa memori ya kifaa hicho. Swali linaonekana jepesi kiasi cha kuaibisha. Jumlisha mwanzo na urefu. Jumla ikizidi ukubwa, kataa. Mtoto wa darasa la nne angefika hapo. Ndiyo maana wahandisi wengi wameliandika hivyo hivyo, na ndiyo maana wengi wameacha mlango wazi.

Kompyuta haina namba zisizo na kikomo. Kwenye mashine ya biti 32 namba ya mwisho ni 4,294,967,295. Ongeza moja, unarudi sifuri. Tuidogoshe ili tuione vizuri. Tuseme tuna kompyuta yenye nafasi ya tarakimu nne tu, namba yake ya mwisho ikiwa 9999, na kifaa chenye kurasa 100. Programu yenye nia mbaya inasema: nataka kuanzia ukurasa wa 9990, nipe kurasa 20. Jumla ni 10,010, lakini tarakimu ya tano haina pa kukaa, inadondoka, inabaki 0010. Draiva inajiuliza: kumi imezidi mia? Haijazidi. Basi pita. Programu inafunguliwa dirisha linaloanzia kurasa elfu tisa na zaidi mbele ya kifaa, katikati ya memori ambayo haikuwa yake, na kwenye simu halisi humo ndimo kiini kinamohifadhi kumbukumbu za nani ana ruhusa gani. Mpagazi asingedanganyika hivyo, kwa sababu bega lake lilipokea uzito wote. Draiva hupokea tarakimu zilizobaki tu.

Fundi anayejua hajumlishi. Huanza na swali dogo: mwanzo umezidi ukubwa? Ukiwa umezidi, hakuna haja ya maneno mengi, ombi linarudishwa. Akishavuka hapo, anajua kwa yakini kwamba ukubwa ukitolewa mwanzo hautashuka chini ya sifuri. Anautoa, anapata nafasi iliyobaki, na hapo tu ndipo anapouliza kama urefu ulioombwa unaenea kwenye nafasi hiyo. Katika mfano wetu 9990 imezidi 100, na mazungumzo yanaishia swali la kwanza. Hakuna mahali ambapo namba mbili za mgeni zimekutanishwa zikapata nafasi ya kufurika.

Rudia kuisoma hatua hiyo taratibu, inastahili. Kutoa kunategemea swali lililotangulia. Swali la mwisho linategemea kutoa. Ukigeuza mpangilio, kila mstari ukiwa bado sahihi kwa maneno yake, kazi nzima imeharibika, maana kutoa namba kubwa kwenye ndogo katika hesabu zisizo na alama ya hasi hakukupi hasi. Kunakupa namba kubwa ajabu, na nafasi iliyobaki inakuwa kana kwamba ni ya dunia nzima. Kuna kizingiti kingine pia. Mwanzo huifikia draiva ukiwa umetajwa kwa kurasa, lakini waandishi wengi hukimbilia kuugeuza uwe baiti kwa kuzidisha kwa 4,096 kabla ya kuupima. Kuzidisha nako hufurika. Mwanzo mkubwa mno ukizidishwa hivyo hugeuka mdogo na mpole, ukapita mtihani ulioandikwa vizuri kabisa. Kwa hiyo mwenye uzoefu hupima kwa kurasa, kama alivyopokea, na hageuzi chochote mpaka amalize kupima.

Haya hayakuzaliwa siku moja. Kitabu kilichofundisha kizazi kizima cha waandishi wa draiva ni Linux Device Drivers cha Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman, toleo lake la tatu likiwa la mwaka 2005. Katika sura ya 15, inayohusu mambo haya ya memori, upo mfano ambamo draiva inautoa mwanzo katika ukubwa wa eneo, kisha inaulinganisha urefu na kilichobaki. Urefu umepimwa, na hilo ni jema. Ila hakuna swali la kwanza. Hakuna anayeuliza kama mwanzo wenyewe umeshapita mwisho wa eneo. Waandishi wale ni mabingwa, na pale walikuwa wanaeleza jambo jingine, namna ya kuonyesha memori ya kifaa kwa programu. Mfano ulifupishwa ili msomaji aelewe. Lakini mfano wa kitabu una tabia ya kunakiliwa, na anayenakili hanakili nia ya mwandishi. Hunakili mistari.

Kasoro za jamii hiyo zilifika mpaka kwenye simu. Mwezi Desemba 2012 ilijulikana kwamba baadhi ya simu za Samsung zenye kichakato cha Exynos, zikiwemo Galaxy S II na Galaxy Note II, zilikuwa na faili la kifaa lililoitwa exynos-mem ambalo programu yoyote iliweza kulifungua, na kupitia kwake ikaomba dirisha kwenye memori yote ya simu. Hapo hata hila ya tarakimu haikuhitajika. Mwaka 2013 ikafuata kasoro ya fb_mmap, kazi (function) iliyokuwa ndani ya kiini cha Linux chenyewe ikihudumia memori ya kioo. Humo urefu na mwanzo vilijumlishwa, jumla ikalinganishwa na ukubwa, sawasawa na mfano wetu wa tarakimu nne. Dan Rosenberg aliitumia katika programu yake ya Motochopper kuzifungua simu za Motorola, na kasoro ikaandikishwa kwa namba CVE-2013-2596. Aliyeijua aliweza kusoma na kuandika memori yote ya kiini.

Fundi simu wa Tabora aliyekuwa mezani miaka ile huenda anaikumbuka Framaroot. Ilikuwa programu ndogo ya kuruti simu, yaani kumpa mwenyewe mamlaka yote juu yake, bila kuunganisha kompyuta, na njia zake za kuvunjia zilipewa majina ya watu wa hadithi za Tolkien: Frodo, Aragorn, Boromir na wenzao. Mteja alikuja akilalamika kwamba programu za kiwandani zimemlia nafasi na hazifutiki. Fundi alichagua jina, akabonyeza, akasubiri, simu ikafunguka. Wengi walidhani ni uchawi wa Framaroot. Kumbe sehemu ya uchawi ule ilikuwa draiva za namna hii hii, zilizompa mgeni dirisha pasipo kumpima. Mteja alifurahi kuwa bwana wa simu yake, na simpingi. Ila mlango ule ule haukumbagua fundi na mwizi. Mchezo wa bure uliopakuliwa na mtoto wa nyumbani ungeweza kupita hapo hapo.

Mwezi Aprili 2013 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alifanya jambo ambalo naliona bora kuliko kuziba tundu moja. Aliandika kazi ya pamoja, vm_iomap_memory, akaiweka kwenye faili la memory.c ndani ya kiini, ili draiva za kawaida ziache kujipimia. Draiva inataja mahali memori yake inapoanzia na urefu wake, inalikabidhi ombi la programu kama lilivyo, na kupima kote kunafanyika mahali pamoja. Kazi yenyewe ni fupi, inaenea kwenye kioo kimoja cha laptopu. Nimeisoma kama mtu anavyotazama mlango wa Zanzibar: kwanza ukubwa wake, halafu ukaribie kuona patasi ilipopita.

Jambo la kwanza inalofanya ni kutoiamini hata draiva yenyewe. Inajumlisha mwanzo wa memori ya kifaa na urefu wake na kuuliza kama jumla imekuwa ndogo kuliko mwanzo. Kwa hesabu za shuleni hilo haliwezekani. Kwa hesabu za kompyuta ndiyo alama kwamba tarakimu imedondoka. Kisha inageuza vyote viwili kuwa kurasa, ikikunja salio kwenda juu ili nusu ukurasa ihesabiwe ukurasa mzima. Inauliza tena lile swali la kufurika, safari hii kwa kurasa. Ndipo inapomgeukia mgeni. Pa kuanzia ulipopataja pamezidi idadi ya kurasa zilizopo? Rudi. Hapajazidi? Basi tunazitoa hizo kurasa, tunapata zilizobaki. Urefu wa dirisha lako, kwa kurasa, unazidi zilizobaki? Rudi. Baada ya hapo, kwa mstari mmoja, dirisha linafunguliwa.

Namba za mgeni hazijumlishwi popote kabla ya kupimwa. Hazizidishwi popote. Jumla za mwanzoni ni za namba za mwenyeji, nazo zimekaguliwa. Na ile nusu ukurasa ya kioo cha 1366? Hapo mwandishi ameacha maelezo ndani ya programu, kwa ukali kidogo, kwamba kwa kweli mtu hapaswi kuonyesha memori isiyoanzia wala kuishia kwenye mpaka wa ukurasa, lakini mazoea ya miaka mingi yamelikubali jambo hilo kwa kuwa vifaa vingine viliundwa hivyo. Maelezo hayo nayapenda. Yanamwambia mwandishi wa draiva kwamba mkia wa ukurasa umeachiwa yeye.

Mtu angedhani baada ya 2013 habari imekwisha. Mwaka 2018 wachunguzi wa kampuni ya usalama ya Check Point walifichua kasoro kwenye draiva ya udl, inayohudumia vioo vya nje vya DisplayLink vinavyochomekwa kwa USB. Tundu lilikuwamo kuanzia Linux 3.4 hadi 4.15, na lilikuwa lile lile: mwanzo jumlisha urefu, linganisha na ukubwa. Kwa nini haikutumia kazi ya pamoja? Sababu ni ya kiufundi na ya kweli. Kazi ile inafaa memori iliyonyooka, ukurasa ukifuata ukurasa kwenye chipu. Memori ya udl ilikuwa kurasa zilizotawanyika, na draiva ililazimika kuzitafuta na kuzionyesha mmoja mmoja, kwa hiyo ilibaki na mistari yake ya kujipimia, na mistari hiyo ilikuwa ya mtindo wa zamani. Aliyepewa kibali cha kujitegemea ndiye anayepaswa kujua zaidi. Marekebisho yake yalikuwa mafupi: swali la mwanzo likatangulizwa, kujumlisha kukageuzwa kuwa kutoa.

Yapo mengine ambayo draiva nzuri huyakumbuka baada ya kukubali, nayo niyapitie haraka. Programu inaweza kupewa dirisha halali kisha ikaomba lirefushwe. Kiini kina alama ya kuzuia hilo, na kazi za kawaida za kuonyesha memori ya vifaa huiweka zenyewe. Programu inaweza kupewa dirisha la kusoma tu, halafu baadaye ikaomba ruhusa ya kuandika. Mwandishi asiyetaka hilo huondoa mapema hata uwezekano wa kuomba. Na programu inaweza kubaki na dirisha wakati kifaa kimeshachomolewa. Hili la mwisho lingeweza kujaza makala nyingine, na yenye huzuni kuliko hii.

Mipaka si ya kuzuia wezi peke yao. Ipo inayotokana na maumbile ya mashine, na hapo ndipo njia yetu ya misafara inanisaidia kuliko pengine pote. Kadi ya michoro inaweza kuwa na memori ya gigabaiti 8, lakini kwa miaka mingi kichakato kikuu cha kompyuta kiliiona kupitia dirisha la megabaiti 256 tu. Draiva haikuweza kuionyesha yote kwa mkupuo. Ililazimika kuchagua kipande, kukitumia, kukiondoa, kuleta kingine, bila programu kuhisi mtikisiko. Mabwana wa Unyanyembe walilijua tatizo la namna hiyo. Shehena yote haikuwa kichwani pa mtu mmoja, wala haikuendelea yote na safari. Iliwekwa kwenye matembe ya Kwihara na Tabora, ikafunguliwa, ikagawiwa upya kulingana na wapagazi waliopatikana, nyingine ikaelekea Ujiji, nyingine Karagwe, nyingine ikabaki ikingoja. David Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley, na hakuondoka mpaka tarehe 25 Agosti, walipokuwa wamefika. Hakukosa mali. Kilichopungua ni mabega, na bega moja lilikuwa na kipimo chake.

Dirisha la kadi za michoro limepanuliwa. Kanuni ya kuruhusu dirisha libadilishwe ukubwa iliandikwa na wasimamizi wa kiwango cha PCI mwaka 2008, ila watumiaji wa kawaida walianza kuisikia mwaka 2020, kampuni ya AMD ilipoitangaza kwa kadi zake mpya. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912, na behewa moja likabeba kilichohitaji mamia ya watu. Lakini behewa lina uzito lisiouvuka, na mtu wa kupima pale stesheni hakuachishwa kazi. Draiva iliyopewa dirisha la gigabaiti 8 ina maswali yale yale mawili ya kuuliza, kwa mpangilio ule ule.

Ninachokistahi zaidi kwa waandishi hawa ni namna wanavyokataa. Draiva inayokataa haipigi kelele, haizimi mashine, haianguki. Inarudisha namba moja ya kosa, yenye maana kwamba ulichotaja hakifai, na programu inaachiwa ijirekebishe na kuomba upya kiasi kinachowezekana. Na kwa kuwa imekataa kabla ya kugusa chochote, hakuna cha kurudisha nyuma. Hakuna ukurasa uliokwisha kuonyeshwa nusu, hakuna memori iliyotengwa ikasahaulika. Draiva zilizoandikwa vibaya huanza kazi kwanza, zikagundua tatizo katikati, kisha zikahangaika kufuta nyayo zao. Huko ndiko kufika Mgunda Mkali na mzigo usiobebeka.

Ufundi huu hauhitaji maabara ya mamilioni. Msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu, na laptopu ya mtumba yenye memori ya wastani inatosha kuendesha mashine pepe ambayo ikivurugika unaizima na kuiwasha upya, hakuna kilichoungua. Kijana wa Tabora, wa Nzega au wa Urambo anaweza kuandika draiva ndogo isiyo na kifaa chochote nyuma yake, yenye kurasa kumi tu za memori, kisha akaishambulia mwenyewe: aombe kurasa kumi na moja, aombe kuanzia ukurasa wa kumi, aombe mwanzo mkubwa kuliko wote ambao mashine inaweza kuutaja, aombe dirisha halali kisha ajaribu kulirefusha. Majibu atakayopata yatamfundisha zaidi ya mihadhara mingi.

Kwa walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu nina ombi moja. Mnapofika kwenye somo la mfumo endeshi, wapeni wanafunzi ule mfano wa sura ya 15 wa mwaka 2005 kama ulivyo, msiseme kwamba una tundu, na muwaache wiki nzima walitafute. Watakaolipata, wapeni vm_iomap_memory wasome mstari kwa mstari na waeleze kwa nini kila swali liko mahali lilipo. Watakaoweza kueleza hivyo, waajirini.